Maji Maangavu, Meno ya Kahawia: Somo kutoka Huduma ya Maji ya Makanisa katika Bonde la Ufa

Siku ya kufungua kisima kijijini huwa sikukuu. Paroko au mchungaji huyabariki maji, kwaya huimba, na mama mmoja hupewa heshima ya kujaza ndoo ya kwanza. Maji hutoka maangavu, ya baridi, yasiyo na harufu wala tope. Kwa jamii iliyozoea kuchota katika bwawa moja na mifugo yake, furaha hiyo ina msingi, kwa kuwa kisima kirefu kilichofunikwa vizuri hupunguza kuhara, kipindupindu na homa ya matumbo.

Hata hivyo, katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, furaha ya namna hiyo imefuatiwa, miaka sita au saba baadaye, na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Watoto waliozaliwa baada ya kisima kuchimbwa hung'oka meno ya utoto, na meno ya kudumu yanayochomoza huwa na mistari meupe kama chokaa au madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Maji yaleyale yaliyowakinga na vijidudu yamewaachia alama ya maisha. Chanzo chake ni floraidi, madini yasiyo na rangi, harufu wala ladha inayotambulika katika viwango vya kawaida vya maji ya visima.

Somo hili linaeleza jinsi floraidi inavyoingia katika maji na mwilini, namna huduma moja ya maji ya kanisa ilivyokabiliana nayo, na yale ambayo mtoa huduma za afya na familia wanaweza kuyafanya.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, msomaji ataweza:
1. kutofautisha maji yasiyo na vijidudu na maji yaliyo salama kwa ujumla;
2. kutambua dalili za madhara ya floraidi katika meno na mifupa;
3. kueleza kichujio cha mkaa wa mifupa kinavyofanya kazi na mipaka yake;
4. kuishauri familia bila kuifanya irudi katika maji machafu.

Kanisa, zahanati na ndoo ya maji

Huduma ya maji ya makanisa katika Afrika Mashariki ilikua pamoja na huduma za tiba. Wauguzi wa zahanati za misheni waliona mtoto akitibiwa kuhara, akipata nafuu, akirudishwa nyumbani, kisha akiletwa tena kwa ugonjwa uleule baada ya majuma machache. Dawa ilikuwa zahanati, ugonjwa ulikuwa mtoni. Ndipo majimbo, dayosisi na mashirika ya watawa yakaanza kujenga miradi ya maji ya mserereko kutoka chemchemi za milimani, kuchimba visima virefu na kufunga pampu za mkono. Mahali pengi maji hayo yalikuwa ya Mkristo, Mwislamu na mfuasi wa dini ya jadi kwa usawa, na huo ndio uliokuwa ushuhuda wake mkubwa kuliko mahubiri.

Serikali nazo zilikuwa na nia hiyohiyo. Tanzania ilizindua mwaka 1971 mpango wa miaka 20 uliolenga kumfikishia kila mwanakijiji maji safi kufikia mwaka 1991, karibu na makazi yake. Lengo hilo halikutimia kwa wakati, na katika maeneo mengi makanisa yaliendelea kuziba pengo.

Kipimo cha mafanikio katika miaka hiyo kilikuwa rahisi: je, maji yanatoka, na je, yana vijidudu? Swali la tatu, yaani maji yamebeba madini gani kutoka ardhini, mara nyingi halikuulizwa. Kosa hilo halikuwa la makanisa peke yake. Nchini Bangladesh visima vingi vilichimbwa kuanzia miaka ya 1970 ili kuwaepusha watoto na kuhara, na mwaka 1993 ndipo ilipogunduliwa kwamba maji ya baadhi yake yalikuwa na sumu ya aseniki. Nia njema pekee haiwezi kuchukua nafasi ya maabara.

Floraidi inatoka wapi

Bonde la Ufa limejengwa kwa miamba na majivu ya volkano, ambayo huwa na floraidi nyingi. Maji yanapokaa ardhini kwa muda mrefu, hasa yenye magadi na kalisi kidogo, huiyeyusha floraidi hiyo na kuibeba. Ndiyo sababu kisima kirefu, ambacho kwa vijidudu ndicho salama zaidi, chaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko kijito kilicho karibu nacho. Katika maziwa ya magadi kiwango hupanda sana: Ziwa Nakuru, nchini Kenya, liliwahi kupimwa likawa na takriban miligramu 2,800 kwa lita.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita katika maji ya kunywa. Kwa upande wa Tanzania, mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida ni miongoni mwa iliyoathirika, na eneo la Maji ya Chai wilayani Arumeru limetajwa mara nyingi katika tafiti za floraidi. Ikumbukwe pia kwamba visima viwili vya kijiji kimoja vyaweza kutofautiana sana. Kupima kimoja hakutoshi kukisemea kingine.

Floraidi mwilini: meno na mifupa

Kiasi kidogo cha floraidi husaidia kukinga meno yasioze. Madhara huanza kinapozidi. Kuanzia kuzaliwa hadi umri wa takriban miaka 8, tabaka gumu la nje la meno ya kudumu, yaani enameli, linajengwa ndani ya fizi. Floraidi nyingi katika kipindi hicho huvuruga ujenzi wake. Jino huchomoza likiwa na mistari meupe. Hali ikiwa nzito zaidi, uso wa jino huwa na vishimo, hunyonya rangi na kuwa kahawia, na kingo zake humeguka. Mtu mzima anayehamia eneo hilo akiwa na meno yaliyokwisha kuumbika hapati madoa haya. Kwa sababu hiyo kijana mwenye meno ya kahawia anaonyesha maji aliyokunywa alipokuwa mdogo, si usafi wake wa leo.

Jambo hili lina uzito wa kijamii. Vijana wengi hujifunika mdomo wanapocheka, huogopa kusimama mbele ya darasa, na husutwa kuwa hawapigi mswaki. Mtoa huduma anayewaambia wasugue zaidi huwaongezea aibu kwa kosa ambalo si lao, na msuguo mkali huweza kuumiza fizi bila kuondoa doa.

Mifupa huathirika polepole zaidi, kwa kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi. Mtu mzima hulalamika maumivu na ukakamavu wa shingo, mgongo na viungo. Hali ikizidi, hasa panapokuwa na zaidi ya miligramu 10 kwa lita, uti wa mgongo waweza kukakamaa na kumlemaza. Watoto wenye lishe duni ya kalisi huweza kupata matege au magoti kugongana. Dalili hizi hufanana na za matege yatokanayo na upungufu wa vitamini D na za magonjwa mengine ya viungo. Hivyo swali la chanzo cha maji liwe sehemu ya historia ya mgonjwa katika maeneo haya. Wagonjwa wa figo wahesabiwe kuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa figo ndizo hutoa sehemu kubwa ya floraidi mwilini.

Nakuru: kanisa linaporudi kisimani

Jimbo Katoliki la Nakuru, nchini Kenya, liko katikati ya ukanda huu wa volkano. Kupitia huduma yake ya maji jimbo lilichimba visima kwa ajili ya vijiji vyenye ukame, na floraidi ikawa tatizo lisiloweza kukwepwa. Njia rahisi ingekuwa kuendelea kuchimba na kuhesabu visima. Badala yake, mwaka 1998 jimbo lilianzisha kitengo maalumu cha ubora wa maji chenye kazi ya kupima floraidi na kutafuta namna ya kuiondoa kwa vifaa vinavyopatikana mahali hapo.

Kifaa kilichochaguliwa kilikuwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, kisha huvunjwa na kuchekechwa iwe punje. Mifupa imejengwa hasa kwa madini yaitwayo haidroksiapataiti, ambayo huvutia floraidi. Ndivyo floraidi inavyojikusanya katika mifupa ya binadamu. Kichujio huitumia tabia hiyohiyo, kikifanya mfupa wa ng'ombe uipokee floraidi kabla haijaufikia mfupa wa mtoto.

Joto la tanuru lina maana kubwa. Mifupa isiyoiva huacha mabaki ya nyama na mafuta, na maji huwa na harufu na ladha mbaya. Iliyoungua kupita kiasi hupoteza uwezo wa kushika floraidi. Kwa hiyo mkaa huu hautengenezwi jikoni kwa kukisia. Kitengo cha Nakuru kilitengeneza vichujio vya ndoo kwa ajili ya nyumba na matangi makubwa kwa ajili ya shule na vituo vya kuchotea maji. Baadaye kilishirikiana na Eawag, taasisi ya utafiti wa maji ya Uswisi, na ujuzi huo ukafika katika Bonde la Ufa la Ethiopia, ambako HEKS, shirika la misaada la makanisa ya Kiprotestanti ya Uswisi, lilishiriki. Upande wa Tanzania, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, nacho kimeshughulikia uondoaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa.

Mkaa wa mifupa huzua pia swali la dhamiri. Mwislamu ana haki ya kujua mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na mtu asiyetumia vitu vya wanyama ana haki ya kuelezwa kabla ya kuletewa ndoo. Jamii iambiwe waziwazi kilichomo, ionyeshwe kinavyotengenezwa, na iachiwe nafasi ya kuchagua njia nyingine. Kufanya vinginevyo, hata kwa wema, ni kumhudumia mtu bila ridhaa yake.

Kichujio kinachochoka kimya

Hapa ndipo penye hatari ambayo kila mtumiaji hana budi kuielewa. Punje za mkaa zina nafasi za kushika floraidi, na nafasi hizo hujaa. Zikishajaa, maji huendelea kupita kama jana: maangavu, matamu, yenye kasi ileile. Familia huamini imekingwa, kumbe mtoto anakunywa floraidi kama ilivyo kisimani. Ni kosa lilelile la siku ya ufunguzi, yaani kuamini jicho, likirudi kwa sura nyingine.

Kwa sababu hiyo kichujio ni huduma ya kudumu. Maji yanayotoka yapimwe kwa ratiba, kumbukumbu ziandikwe, na mkaa uliojaa ubadilishwe au usafishwe upya na mafundi. Aidha, kichujio hiki hakikusudiwi kuua vijidudu. Maji yakichafuka njiani au katika chombo, bado yatahitaji kutibiwa.

Ndiyo maana pia mradi uliojengwa na wafadhili na kuachwa bila kamati, bila bei ya maji iliyokubaliwa, na bila fundi, hufa. Nchini Tanzania, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya usimamizi wa RUWASA iliyoanzishwa mwaka 2019, ndivyo vyenye jukumu la kuendesha miradi ya vijijini. Kanisa linalojenga mradi halina budi kujiunga na mfumo huo tangu mwanzo, ili siku wageni wakiondoka upimaji usiondoke nao.

Uamuzi mgumu: wasirudi bwawani

Mama anayeambiwa kwamba maji ya kisima yameharibu meno ya mwanawe huweza kuamua jambo moja mara moja: kurudi bwawani. Huo ni uamuzi wa hatari. Kuhara huweza kumuua mtoto mchanga kwa siku chache. Floraidi huharibu kwa miaka. Anayetoa taarifa ya floraidi bila kutoa njia mbadala anaweza kusababisha vifo ambavyo kisima kilikuwa kimevizuia.

Ushauri ulio sahihi ni kugawa matumizi. Maji ya kisima yaendelee kutumika kwa kufua, kuoga, kusafisha vyombo na mifugo. Maji yenye floraidi kidogo yatengwe kwa kunywa na kupikia, na yakiwa hayatoshi, watoto walio chini ya miaka 8 na wanawake wajawazito wapewe kwanza. Hesabu zifuatazo zinaonyesha kwamba jambo hili liko ndani ya uwezo wa kaya nyingi.

Kwanza, kiasi. Familia ya watu 6, kila mmoja akitengewa lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, huhitaji lita 30. Kwa siku 150 za kiangazi ni lita 4,500. Tangi la lita 5,000 lililojaa mwisho wa masika laweza kuivusha.

Pili, paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la bati la mita za mraba 40, katika eneo lenye mvua ya milimita 500 kwa mwaka, hupokea lita 20,000, hata kama sehemu yake itapotea. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe kwa kuwa husafisha vumbi na vinyesi vya ndege. Tangi lifunikwe, na maji yachemshwe au yatiwe klorini kabla ya kunywewa.

Tatu, kuchanganya. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Kisima chenye miligramu 6 kwa lita kikichangia ndoo 1, na mvua ndoo 3, mchanganyiko huwa na miligramu 1.5. Hesabu hii hufanya kazi pale tu kiwango cha kisima kinapojulikana kwa kupimwa.

Nne, kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Lita 4 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka hadi zikabaki lita 3, floraidi hupanda hadi miligramu 4 kwa lita, kwa sababu maji yamepungua na madini yamebaki. Klorini nayo haiondoi floraidi.

Wajibu wa mtoa huduma za afya

- Auliza chanzo cha maji kwa kila mtoto mwenye madoa ya meno, na kwa kila mgonjwa mwenye ukakamavu wa mgongo usioelezeka.
- Ahimize unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata pale mama anapokunywa maji yenye floraidi nyingi, ilhali maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo humpa mtoto mchanga kiwango kikubwa.
- Aulize kuhusu magadi ya kulainishia maharage na makande. Magadi ya baadhi ya maeneo ya kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi, na mtoto anaweza kudhurika hata penye maji mazuri. Kuloweka maharage usiku kucha huondoa haja ya magadi.
- Ashirikiane na ofisi ya maji kupeleka sampuli maabara. Sampuli ya floraidi ichukuliwe katika chupa safi ya plastiki, ikiwa na jina la chanzo na tarehe.
- Wagonjwa wenye madoa mazito waelekezwe kwa daktari wa meno, ambaye anaweza kuyapunguza au kuyafunika.

Kwa mgonjwa na familia

Madoa hayatokani na uchafu, laana wala urithi wa ukoo. Hayaambukizi. Jino lililokwisha kuathirika halirudi lenyewe katika hali yake ya awali, lakini mdogo wake aliyezaliwa jana bado anaweza kukingwa kikamilifu, na kinga hiyo ianze leo, si siku meno yatakapochomoza. Mlo wenye kalisi, kama maziwa, dagaa wanaoliwa na mifupa yake na mboga za majani, husaidia mifupa ya mtoto.

Hitimisho

Habari ya Nakuru haifundishi kwamba makanisa yasingechimba visima. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya visima hivyo. Inafundisha kwamba huduma ya maji haihitimishwi na baraka ya siku ya ufunguzi, wala na picha ya ndoo ya kwanza. Aliyechimba kisima ana deni la kurudi na chupa ya sampuli, kusema ukweli wa majibu hata kama yanaharibu sifa ya mradi wake, na kukaa na jamii mpaka dawa ipatikane. Muuguzi anayemwinamia mtoto na kumtazama meno ni mwenzi katika kazi hiyo, kwa maana madhara ambayo bomba haliyaonyeshi yeye huyaona kinywani.

Maswali ya kujadili

1. Kituo chako kinahudumia vijiji vyenye vyanzo vingapi vya maji, na ni vingapi vimepimwa floraidi?
2. Mama anasema ameacha kisima na kurudi mtoni kwa sababu ya meno ya mwanawe. Utamwambia nini, na kwa mpangilio gani?
3. Kisima kina miligramu 4.5 kwa lita. Familia ina maji ya mvua. Ichanganye ndoo ngapi kwa ngapi ili isizidi miligramu 1.5?
4. Nani katika kijiji chenu atajua siku kichujio kitakapochoka?